Tone la Mvua la Kasumbalesa

Jioni moja ya Machi 2024 mvua ilikuwa inapiga mabati ya Katuba, mtaa wetu hapa Lubumbashi, mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Katikati ya kelele hizo mjukuu wangu Ngoy akaingia mbio, amelowa chapachapa, simu ya mama yake mkononi, akatangaza kwamba maji yanakwisha.

"Maji gani?" nikamuuliza. Yalikuwa yanamchuruzika puani.

"Mayi yote, Nkambo. Sikiliza."

Akabonyeza. Ikatoka sauti ya mwanamume mwenye haraka, mtu anayezungumza kama anakimbizwa. Ziwa Kariba limebaki na asilimia nne tu ya maji, akasema. Zambia imekwisha, sasa ni zamu ya Lubumbashi. Visima vyote vitakauka kabla ya Pasaka. Hayo ndiyo mabadiliko ya tabianchi, wakubwa wanajua na wananyamaza. Mwenye akili anunue mapipa. Tuma kwa watu kumi unaowapenda.

Mama yake alikuwa amekwisha kununua mapipa mawili ya bluu, yamesimama barazani kama wageni waliokosa viti. Sikumlaumu. Robine ya lupango letu, yaani mfereji wa uani kwetu, ilikuwa na siku ya nne haijatoa hata mate. Juu mvua, chini robine kavu, na katikati sauti ya simu inayojua kila kitu. Wewe ungefanya nini?

Nilifundisha jiografia kwa miaka mingi kabla magoti hayajaanza kunisumbua, na ugonjwa wa ualimu hauponi. Nikamwita Chanda, dada yake Ngoy, ambaye alikuwa anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikawaambia wote wawili waketi, tuisikilize ile sauti tena, polepole, tuhesabu kwa vidole imesema mambo mangapi.

Ngoy alihesabu moja: maji yanakwisha. Chanda, ambaye ana miaka kumi na mitatu na hakubali kushindwa, alihesabu matano. Kariba ina asilimia nne. Zambia ina ukame. Ukame huo unakuja Lubumbashi. Visima vitakauka kabla ya Pasaka. Sababu ya yote ni tabianchi.

"Na la sita," akaongeza, "tununue mapipa."

Tazama ungo wa dada yako, nikamwambia Ngoy. Maharagwe ya sokoni huja na vijiwe vyake. Anayepika bila kuchambua atavunjika jino, na anayeona kijiwe kimoja akamwaga ungo mzima atalala na njaa. Ujumbe huu nao una vijiwe na maharagwe. Tuvitafute.

Nikaokota kipande cha makala, yaani mkaa, pembeni ya jiko nikaanza kuchora sakafuni. (Mama yao aliniangalia. Nikajifanya sijaona.) Hapa ni sisi, Lubumbashi. Huku chini, kama kilomita 90, ni Kasumbalesa: malori, foleni, mpaka, na ng'ambo yake Zambia. Mnajua mpaka huu umefuata nini? Umefuata mgongo. Mwaka 1894 Waingereza na watu wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji walikubaliana kwamba nchi zao zitaachana pale ambapo maji yanaachana, yaani juu ya ule mwinuko wa ardhi unaoyagawa maji ya mvua, haya yaende kaskazini na yale yaende kusini. Waliandika hivyo bila kuiona sehemu yenyewe. Wapimaji walikuja kuutembea mgongo huo kwa miguu baadaye, kati ya 1911 na 1914, wakisimika alama.

Ni mgongo mpana, wa taratibu. Unaweza kuuvuka ndani ya basi huku unakula ndizi usijue. Lakini maji yanajua.

Chukueni matone mawili yaliyoanguka jirani pale Kasumbalesa, la kwanza upande wetu, la pili upande wa Zambia. La kwetu linaingia kijitoni, kijito kinaingia Kafubu, ule mto unaopokea pia maji ya mto Lubumbashi uliotoa jina la mji wetu. Kafubu inaingia Luapula. Luapula inaingia Ziwa Mweru, ikitoka huko inaitwa Luvua, na Luvua inakutana na Lualaba pale Ankoro. Sasa tone letu limekuwa msafiri kweli: Kongolo, Kindu, Kisangani, Mbandaka, Kinshasa, linapita Inga, na linaaga nchi kavu Banana, kwenye Bahari ya Atlantiki.

"Na lile lingine?" Ngoy akauliza.

Lile lingine, nikasema huku nachora mstari mzuri wa kujiamini, linaingia mto Kafue, Kafue inaingia Zambezi, na Zambezi inajaza Kariba.

Kimya kidogo. Chanda alikuwa ameinuka kuchukua atlasi yake ya shule, ile isiyo na jalada.

"Nkambo," akasema kwa adabu mno, "umekosea."

Nikavaa miwani. Alikuwa ameweka kidole pale Kafue inapokutana na Zambezi. Kisha akakisogeza kwenye ukuta wa bwawa la Kariba. Ukuta uko juu zaidi, upande mto unakotokea. Maji ya Kafue yanafika Zambezi wakati Kariba imekwisha kubaki nyuma, yanaendelea mpaka bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji, kisha Bahari ya Hindi. Miaka yote ile nimesahihisha madaftari ya watoto kwa wino mwekundu juu ya jambo nililolibeba kichwani bila kulitazama. Nikafuta mstari wangu kwa kiganja, nikauchora upya.

Basi hata tone la jirani zetu wa Chililabombwe, hapo ng'ambo tu ya mpaka, haliendi Kariba. Kariba inajazwa na Zambezi ya juu, mto unaoanzia vilima vya Mwinilunga, unaingia Angola, unarudi Zambia, unatandaa kwenye tambarare ya Barotse, unaruka kwenye maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Tone la maji lililo ndani ya kisima cha Katuba na tone lililo ndani ya Kariba hawajawahi kuonana, wala mmoja hawezi kumnyang'anya mwenzake chakula. Kariba ikishuka, kisima chetu hakishuki kwa ajili yake. Hicho ni kijiwe cha kwanza. Kitoe.

Hapa niwape hadithi, maana mvua ilikuwa haijaacha na bukari, yaani ugali, ilikuwa haijaiva.

Karibu miaka 150 iliyopita, mzungu mmoja aliyeitwa David Livingstone, Mskoti, alikuwa anazunguka katika nchi hizi zetu akitafuta chanzo cha mto Nile. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, soko kubwa kwenye ukingo wa Lualaba, kule Maniema. Akauona mto mpana unaokwenda kaskazini. Misri iko kaskazini. Basi, akawaza, huu ndio Nile! Angalieni jinsi wazo hilo lilivyopendeza. Kama lingekuwa kweli, tone letu la Kafubu lingekuwa linakwenda kunywewa na watu wa Cairo. Livingstone mwenyewe hakulala vizuri na wazo lake. Wakati mwingine aliogopa kwamba huenda ule ni mto Congo. Alikufa mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, karibu na kinamasi cha Bangweulu, bado anatafuta. Chuma na Susi, waliomtumikia, pamoja na wenzao waliubeba mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo.

Mwaka uliofuata, 1874, akaja Mwingereza, Cameron, akasimama palepale Nyangwe. Huyu alikuwa na vipimo. Akapima kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari, akakuta Nyangwe iko chini kuliko Gondokoro, mahali ambapo Nile ilikuwa imekwisha kupimwa. Akakadiria pia wingi wa maji, akaona Lualaba inabeba maji mara kadhaa kuliko Nile ya Gondokoro.

"Kwa hiyo?" nikawauliza.

Ngoy akafikiri, ulimi nje. "Mayi haiwezi kupanda mlima."

Hivyo tu. Mto hauwezi kutoka mahali pa chini ukapanda mpaka mahali pa juu, wala si rahisi mto wenye maji mengi uwe mwanzo wa mto wenye maji machache. Msafiri mwingine, Stanley, alikuja akaufuata mto wenyewe mpaka mwisho, akatokea Boma Agosti 1877, na mjadala ukaisha. Lakini mimi nampenda zaidi Cameron kwa siku ile ya Nyangwe. Hakuhitaji kufika Misri ili ajue. Aliuliza swali dogo linaloweza kujibiwa kwa kipimo alichokuwa nacho mkononi.

Turudi kwenye simu. Asilimia nne.

Namba ikisimama peke yake inaheshimika kuliko inavyostahili. Mtu akisema "maji ni machache" utamwuliza machache kiasi gani. Akisema "asilimia nne" unanyamaza. Usinyamaze. Uliza: asilimia nne ya nini? Nikamtuma Ngoy alete ile bidoni ya lita 20 iliyotobolewa ubavuni, ambayo mama yao ameitia robine ndogo ya kunawia mikono. Robine imewekwa juu kidogo ya kitako. Maji yakishuka mpaka usawa wa robine, hayatoki tena, na wewe utasema bidoni imekwisha. Tikisa. Imekwisha?

"Bado kuna mayi chini."

Kariba iko hivyo. Bwawa lile, lililojengwa miaka ya 1950 kati ya Zambia na Zimbabwe, lilitengeneza ziwa ambalo kwa wingi wa maji ndilo kubwa kuliko yote yaliyotengenezwa na binadamu duniani, kilomita za ujazo zipatazo 180. Mitambo ya umeme huvuta maji yaliyo juu ya kimo fulani tu: mita 475.5 kutoka usawa wa bahari. Ziwa likijaa linafika mita 488.5. Asilimia zinazotangazwa ni za ile nafasi ya mita 13 iliyo katikati, maji yanayoweza kutumika kwa umeme. Chini ya hapo bado kuna ziwa zima, zaidi ya kilomita za ujazo 100, lenye samaki na mamba wake. Namba ya asilimia nne haikuzuliwa. Mamlaka ya Mto Zambezi ilitangaza asilimia 4.6 na kuitaka Zimbabwe isimamishe mitambo yake pale Kariba. Ilikuwa jambo zito. Lakini lini? Novemba 2022.

Chanda alihesabu. "Ni mwaka na zaidi, Nkambo."

Ujumbe wa leo umevaa namba ya mwaka juzi. Watu wanaosambaza hofu mara nyingi hawatungi kitu. Wanachukua nguo ya zamani wanaipiga pasi.

Ngoy sasa alikuwa amechangamka. Alitaka kutuma sauti kwa watu wale kumi, aseme kwamba yote ni uongo, Zambia hakuna ukame, laleni. Nikamzuia mkono. Huko ndiko kumwaga ungo mzima.

Kwa sababu Zambia ukame ulikuwepo, na mbaya. Tarehe 29 Februari 2024, siku chache kabla ya jioni ile, Rais Hakainde Hichilema alikuwa ametangaza kwamba ukame huo ni janga la taifa. Kati ya hekta milioni 2.2 hivi zilizopandwa mahindi, takriban milioni moja zilikuwa zimeharibika. Karibu nusu ya shamba la nchi. Na sisi wa Lubumbashi tunakula shamba hilo. Muulizeni mama yenu bunga, yaani unga, anayosongea bukari hutoka wapi. Sehemu kubwa ya mahindi na bunga ya mji huu hupita Kasumbalesa juu ya malori. Maji ya Zambia hayavuki ule mgongo kuja kwetu, lakini mahindi yanavuka, nayo ni maji ya mvua yaliyogeuka chakula. Baadhi ya machimbo yetu ya shaba hununua umeme kutoka upande huo pia, na sehemu kubwa ya umeme wa Zambia hutoka mitoni.

Mama yao, ambaye alikuwa anajifanya hasikilizi, akageuka na mwiko mkononi. "Hiyo sasa ndiyo kweli," akasema. "Mimi bei ya bunga siambiwi na telefone."

Yaani ujumbe ule ulitutisha mahali pasipo na jambo, ukatupitisha mbali na mahali penye jambo. Kama una faranga za kununua mapipa mawili kwa hofu ya Kariba, huenda zingefaa zaidi kununua gunia la mahindi. Sikulisema hilo kwa sauti. Nilitaka kula usiku ule.

Lakini robine? Ngoy hakuwa ameisahau. Kama si ukame, kwa nini robine ni kavu?

Nikamwambia achungulie mlangoni, atazame ng'ambo ya barabara, nyumba ya geti jekundu. Robine ya pale ilikuwa inatoa maji tangu asubuhi. Mabidoni ya jirani yalikuwa yamepangwa foleni mbele yake. Ukame hauchagui geti. Ukikuta robine moja imekufa na ya hatua thelathini iko hai, usiangalie mbinguni, angalia chini: bomba. Maji ya mji hayaji yenyewe. Yanatolewa ardhini au kijitoni kwa pampu, pampu inakunywa umeme, umeme ukikatika pampu inalala. Yakisukumwa, yanapita kwenye mabomba ambayo mengine yalizikwa wakati mji ni mdogo. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910; leo una watu zaidi ya milioni mbili. Bomba lililopimwa kwa mtaa wa nyumba kumi likigawiwa nyumba mia, wa mwisho kwenye mstari hupata upepo. Sisi ndio wa mwisho kwenye mstari.

Mtu akikuambia robine kavu ni tabianchi, anampa kila mtu ruhusa ya kukaa. Bomba lina mwenyewe wa kuulizwa. Mbingu hazina ofisi.

Visima vilihitaji subira zaidi. Huku kwetu mvua inaanza Oktoba au Novemba na kuisha Aprili, halafu miezi mizima bila tone. Maji ya ardhini huchelewa kufuata: yanaendelea kushuka kiangazi chote, na kisima huwa chini kabisa kuelekea Oktoba, kabla mvua mpya haijazama. Kwa hiyo aliyesema visima vitakauka kabla ya Pasaka, mwishoni mwa masika, alichagua mwezi ambao visima viko juu. Angekuwa mjanja angesema Oktoba. Hapo angeonekana nabii, kwa jambo linalotokea kila mwaka. Siku iliyofuata tulifunga mafundo kwenye kamba, fundo moja kila nusu mita, tukafunga jiwe mwishoni, tukaishusha kwenye kisima cha lupango. Chanda akaandika fundo lililolowa. Kisima kimoja hakisemi habari za mji mzima, na maji yake hatuyanywi bila kuyachemsha, kwa kuwa choo cha jirani hakiko mbali. Lakini ni kisima chetu, na sasa kina historia ya siku moja.

Limebaki la tano, gumu kuliko yote. Je, ukame ule wa Zambia uliletwa na mabadiliko ya tabianchi?

Kiswahili kimetupa neno zuri hapa. Tabianchi: tabia ya nchi. Mtu mpole akifoka siku moja, husemi ana tabia ya kufoka. Unasema leo amefoka. Akifoka mwezi mzima unaanza kuulizana na majirani. Wataalamu wa hali ya hewa duniani huchukua miaka 30 ndipo wanasema hii ndiyo tabia ya mahali. Mvua ya leo ni hali ya hewa, na hata ukame wa msimu mmoja hautoshi peke yake kuwa tabia. Ili kujua kama tabia imebadilika na kama mabadiliko hayo yamechangia ukame huu, wanasayansi hutengeneza ndani ya kompyuta dunia mbili, ya kwanza yenye joto hili tuliloongeza kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na ya pili bila joto hilo, kisha wanalinganisha: ukame kama huu hutokea mara ngapi huku, na mara ngapi kule?

Kundi moja linalofanya kazi hiyo linaitwa World Weather Attribution. Aprili 2024, mwezi mmoja baada ya jioni yetu, walitoa jibu kuhusu ukame wa kusini mwa Afrika. Walisema mhusika mkuu ni El Niño, ile hali ya maji ya Bahari ya Pasifiki kupata joto kila baada ya miaka kadhaa na kuvuruga mvua za mbali: kusini mwa Afrika huzinyima, pwani ya Kenya na Tanzania mara nyingi huzizidisha. Mchango wa mabadiliko ya tabianchi katika upungufu ule wa mvua hawakuuona.

"Basi tabianchi ni uongo!" Ngoy akaruka, nilipomsomea habari hiyo.

Kaa chini. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2023, watu haohao walichunguza ukame wa Pembe ya Afrika, ule uliokausha kusini mwa Ethiopia, Somalia na mashariki mwa Kenya kuanzia 2020, ng'ombe wakafa kwa wingi usiosemeka. Huko walisema ukame wa namna ile ulifanywa uwezekane angalau mara 100 zaidi kwa sababu ya joto tuliloliongeza. Mvua ilipungua, na jua likanyonya hata kile kidogo kilichobaki udongoni. Hewa yenye joto ina kiu: kwa kila nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Na mwaka huohuo wa 2024 uliokuwa wa El Niño ulikuja kuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, nyuzi 1.55 hivi juu ya enzi za kabla ya viwanda. Chombo kilekile, mikono ileile, majibu mawili tofauti. Mtu anayekuja na jibu kabla ya kupima, awe anasema kila ukame ni tabianchi au anasema hakuna, hajachambua chochote.

Kuna pia jibu la tatu, na hili linanihusu kuliko yale mawili, kwa kuwa ni la nchi yetu. Tarehe 4 Mei 2023 mvua kubwa ilishuka Kalehe, Kivu Kusini, kando ya Ziwa Kivu. Mito ikapasua vijiji vya Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Wanasayansi wale wakakaa kuchunguza kama walivyozoea. Wakashindwa. Hawakukosa akili, walikosa namba. Vituo vya kupima mvua katika eneo lile ni vichache mno, na kompyuta haiwezi kulinganisha kitu ambacho hakuna aliyekiandika. Watu 400, na swali la kwa nini likabaki bila jibu kwa sababu ya kukosekana vijichupa na madaftari.

Habari hiyo ya Kalehe niliwasimulia jioni ileile ya mvua, na watoto hawakusema kitu. Kesho yake asubuhi Chanda alikata chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, akageuza sehemu ya juu kuwa mdomo wa kuingizia, akaweka mawe kidogo chini na maji mpaka mstari wa sufuri, akabandika rula. Tukaifunga kwenye nguzo ya ua, mbali na paa na mti wa embe ili isidanganywe na matone ya majani. Milimita moja ya mvua maana yake ni lita moja kwenye kila mita mraba. Lubumbashi hupata milimita 1,200 hivi kwa mwaka. Ngoy akapima paa letu kwa hatua akapata mita mraba 40. Zidisha: lita 48,000. Gawa kwa bidoni ya lita 20.

"2,400!" akapiga kelele. "Bidoni 2,400, Nkambo, na sisi tunavuka barabara na mbili!"

Si zote zingekamatika. Nyingine zinaruka, nyingine zinakauka juu ya mabati ya moto. Lakini jioni hiyohiyo mama yao alifunga kipande cha bati kwenye ukingo wa paa, akayasogeza mapipa yake ya bluu chini yake bila kumwangalia mtu usoni. Mvua ya usiku iliyajaza yote mawili mpaka yakamwagika.

Jibu letu kwenye telefone lilikuwa fupi, kwa sauti ya Chanda. Alisema Kariba haitoi maji ya Lubumbashi, namba ile ni ya 2022, ukame wa Zambia ni wa kweli na utagusa bunga, nunueni mahindi mapema kama mnaweza. Watu watatu walimshukuru. Mmoja aliuliza ni mtoto wa nani. Wengine walikuwa wameendelea na ujumbe mwingine, unaohusu nyoka.

Daftari la mvua la Chanda bado linaandikwa. Mwishoni mwa Machi nililifungua nikaona mistari yake imenyooka, tarehe upande huu, milimita upande ule, isipokuwa siku mbili ambazo alikuwa ameandika sufuri kisha akaikata kwa kalamu. Nikamwuliza kama amekosea kusoma rula.

"Hapana, Nkambo. Siku zile sikuwepo. Sijui kama ilinyesha."

Hakuweka namba nyingine mahali pake, na pembeni alikuwa ameandika kwa herufi ndogo: nilikuwa Likasi kwa shangazi.